Tyubu Yako Katika Safu ya Ng'ombe

Cherop,

Mvua imekatika sasa hivi na mtaa wote wa Free Area unanuka vumbi lililolowa. Uko kwa Mama Shiru unasukwa mistari, na najua hutarudi upesi, maana Mama Shiru hamalizi kichwa cha mtu kabla ya kumaliza habari za mtaa. Sanduku lako liko karibu na mlango. Sitalifungua. Tangu asubuhi mikono yangu inataka kulifungua ipange soksi upya, kwa hiyo nimeipa kalamu ili itulie.

Kesho unaenda Keringet kwa mama yangu, Kogo wako, usome ile shule ya kutwa iliyo ng'ambo ya mto, hiyo uliyoichagua mwenyewe. Au huendi. Simu iko hapa kando ya kiwiko changu. Mwalimu mkuu wa shule ya bweni ya hapa mjini, ile niliyokuombea nafasi bila kuchoka, alipiga mchana tukiwa tunakula. Alisema nafasi imepatikana na anataka jibu leo kabla hajafunga ofisi. Ulisikia kila neno. Nilipokata simu nikakuuliza unaonaje, ukaangalia sahani yako, ukasema, "Mum, fanya vile unaona." Kisha ukachukua mwavuli ukatoka.

Afadhali ungepiga kelele. Ningepiga yangu pia, tungechoka, tungecheka. Lakini sentensi ile umeiacha hapa mezani pamoja na vyombo, na siwezi kuosha vyombo wala kuiosha yenyewe.

Naandika kwa sababu sijui kufikiri kwa mdomo. Wewe pia hujui. Tunafanana kwa hilo, na nimechelewa kuliona.

Nikirudi nyuma, nakukumbuka kwanza kama harufu: moshi, maziwa, na yale mafuta ya kujipaka ya Kogo. Ulizaliwa mvua ikinyesha, ndiyo maana ukaitwa Cherop, na mimi nilikuwa nimetoka shule ya upili juzijuzi tu. Baba yako alienda zake mapema. Hayo tulishayaongea, na leo si siku yake. Nafasi ya chuo ilipokuja, Kogo alikutoa mgongoni mwangu, akakufunga mgongoni mwake kwa shuka ileile ya buluu, akaniambia, "Wewe nenda. Huyu niachie, maziwa yapo." Shuka tukaigawa. Nusu ilibaki naye, nusu nikaenda nayo chuoni Njoro nikawa nailalia. Harufu yako ilipoisha niliendelea kuinusa, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoambiwa watu wamehama.

Kwa hiyo miaka yako ya kwanza ninayo kwa vipande, kama ndoto ambayo mtu ameamshwa akiiota. Kipande kimoja ni ukungu wa asubuhi uliofunika shamba lote la viazi, na sauti yako ikitoka ndani yake ikimsemesha mtu nisiyemwona. Kingine, umesimama chini ya Tuiya, yule ng'ombe mweusi wa Kogo, mdomo wazi, na Kogo anakukamulia maziwa moja kwa moja mdomoni. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa kimejaa masomo ya vijidudu. Nikakunyakua, nikakuosha mdomo kwa sabuni. Ukalia mpaka ukashikwa na kwikwi. Kogo hakuacha kukamua.

"Hiyo sabuni yako ndiyo itamuua," alisema.

"Mama, kuna magonjwa kwenye maziwa mabichi."

"Yapo hata huko chuoni, na bado umekwenda."

Nilikasirika, na niliporudi Njoro nilimweleza kila mtu jinsi mama yangu alivyo mgumu. Maziwa mabichi bado sikushauri, hilo sijabadilika. Lakini jambo nililokumbuka baadaye ni kwamba ulipomaliza kulia ulikwenda kwa Tuiya, si kwangu. Uliegemea mguu wake wa mbele, ukanitazama ukiwa hapo. Ulikuwa ukinisalimia kwa mkono siku hizo, kama mgeni wa kanisa.

Nilikuchukua ulipofika umri wa darasa la kwanza, nikiwa nimepata kazi kwenye maabara ya kupima maziwa na chumba hiki cha kupanga. Nilidhani ninakurudisha nyumbani. Mwalimu wako aliniita kabla muhula haujafika katikati. "Mama Cherop, mtoto ana adabu sana, lakini ni slow. Unamuuliza leo anajibu kesho." Wenzako walikuwa wameshakupa jina. Walikuita Maziwa Lala, kama yale yanayoachwa yagande, kwa vile ulikuwa ukilala kwenye jibu. Ulinieleza hilo mwenyewe, bila machozi, ukivua viatu, ukaongeza kwamba kwa kweli wewe maziwa lala unayapenda.

Na mimi badala ya kukaa chini nicheke nawe, nikupakate, nikakuletea mwalimu wa jioni. Nikabandika jedwali la kuzidisha ukutani juu ya kitanda. Nikawa nakuuliza maswali ukila, ukioga, ukifunga vifungo. Kadiri nilivyouliza ndivyo ulivyonyamaza. Nilikuwa nimesoma kwa shida, Cherop, nikiwa na mtoto mbali, na nilikuwa nimejiambia kwamba shida ile ilikuwa ya kukununulia wepesi. Sikujua la kufanya na mtoto asiyekuwa na haraka.

Ni wakati huohuo nilipokuwa nikifanya ule utafiti wa shahada ya pili. Ulikuwa mdogo, unakumbuka pamba na vijiti tu, kwa hiyo nitakueleza kama anavyoelezwa mtu mzima.

Kuna bakteria ambaye huishi kwenye ngozi na ndani ya pua za watu wengi bila kuwasumbua. Huyohuyo, au tuseme ndugu yake, huingia kwenye kiwele cha ng'ombe na kukivimbisha, maziwa yakatoka na mabonge. Ana kimeng'enya, yaani kitu anachokitengeneza cha kufanyia kazi, na kazi ya hiki ni kugandisha damu. Nilitaka kulinganisha: wale wa kwa watu na wale wa kwa ng'ombe, kimeng'enya cha nani kina nguvu zaidi. Kwa hiyo nilizunguka kwa wakulima wa Keringet na Rongai nikifuta viwele kwa pamba, nikifuta pia mikono na pua za wakamuaji. Kwenye maabara ya chuo niliwakuza kwenye sahani mpaka wakatokea kama matone ya samli. Kisha nikawatia kwenye tyubu za kioo zenye plazma, yale maji ya rangi ya majani makavu yanayobaki damu ikitenganishwa, nikaziweka kwenye maji ya uvuguvugu. Tyubu za watu safu ya mbele, za ng'ombe safu ya nyuma.

Halafu unangoja. Kila baada ya muda unainua tyubu na kuiinamisha polepole, kama unavyomlaza mtoto aliyesinzia. Ikiwa kimeng'enya kimefanya kazi, plazma haimwagiki upande, imeshikana. Lakini ukiitikisa kwa pupa unauvunja mgando wakati unapoanza, na hautajirudia. Utaona maji tu, utaandika hakuna kitu. Nilivunja mingi mwanzoni. Nilikuwa nikitoka pale nikija nyumbani kukuuliza saba mara nane.

Ulikuwa ukiandamana nami likizo tukienda kwa Kogo. Siku moja nilikuwa nimemaliza pua ya Kogo, ambaye alilalamika kwamba hata polisi hawamchunguzi mtu hivyo, ukavuta koti langu.

"Mum, mbona mimi hunipimi?"

"Wewe si mkamuaji."

"Namkamua Tuiya."

"Tangu lini?"

Kogo akajibu kwa niaba yako, "Tangu wewe uanze kuchelewa kuamka."

Basi nikakupima. Ulipiga chafya ukanirushia usoni, tukacheka wote watatu, na ukauliza kwa hofu kidogo, "Sasa nina ng'ombe ndani?" Nikasema hapana, wewe ni mtu. Nikaandika jina lako kwenye tyubu na kuiweka na za watu.

Matokeo yalikuja mazuri, nilivyodhani. Safu ya watu iliganda. Safu ya ng'ombe ilikaa maji, au ikajivutavuta bila kushikana sawasawa. Nikaandika kwamba wale wa ng'ombe kimeng'enya chao ni dhaifu. Msimamizi wangu alikuwa mtu mnene mwenye tabia ya kula njugu juu ya karatasi za wanafunzi. Alisoma, akapuliza maganda, akauliza plazma niliyotumia ilikuwa ya nani.

"Ya binadamu. Ndiyo tuliyokuwa nayo."

"Kwa hiyo umewafanyia ng'ombe mtihani kwa Kiingereza," alisema, "halafu umeandika ng'ombe ni wajinga."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi sikucheka. Nilitembea mpaka nje nikakaa kwenye ukuta karibu na pampu ya maji. Nilikuona ukivua viatu. Sikuwa nafikiri, Cherop, nilikuona tu, kama vile mtu anavyoona mtu ndotoni na kujua ni nani hata kabla hajageuka.

Nilirudia kazi yote. Daktari wa mifugo alimtoa Tuiya damu kidogo shingoni, wewe ukiwa umeshika sikio lake na kumnong'oneza, nikapata plazma yake. Nikapanga tyubu upya. Chai yangu ilikuwa bado moto nilipoinamisha ya kwanza katika safu ya nyuma na ikakataa kumwagika. Ya pili pia. Safu nzima ya ng'ombe ilikuwa imeshikana, imara, inametameta kama macho. Wale niliowaita dhaifu. Na safu ya watu ilikuwa bado inacheza ndani ya kioo, haijui la kufanya na damu ya Tuiya.

Isipokuwa moja. Katikati ya safu ya watu tyubu moja ilikuwa imeganda kama za nyuma. Unajua nilifanya nini? Niliitoa nikaihamishia safu ya ng'ombe. Sikusoma hata jina. Nilijua tu kwamba nimekosea mahali pa kuiweka, mkono wangu ukarekebisha, kama ninavyokurekebisha kola ukiwa unatoka. Ni pale nilipotaka kuandika ndipo nilipoigeuza nikaona mwandiko wangu: Cherop.

Nilisema nimechanganya. Nikakupima pua tena ulipofunga shule, nikarudia, ikaganda tena kwa damu ya Tuiya, na kwa damu ya watu ikawa nzito na ya kuchelewa. Nikampelekea msimamizi.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtoto wangu. Lakini tunakaa Nakuru."

"Na likizo?"

"Kwa mama yangu. Na ng'ombe."

"Sasa unashangaa nini?" akaniuliza, akarudi kwenye njugu zake.

Nilikuja kujua njia uliyopitia. Kogo alikuwa na kitambaa kimoja cha kufutia viwele vya ng'ombe wote, kabla ya kukamua, kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na akimaliza alikufuta nacho pua. Wakamuaji wengi pale kwetu hufanya hivyo na kitambaa kimoja; ndivyo ugonjwa wa kiwele unavyotembea. Lakini hicho chetu kilikuwa nusu ya shuka ya buluu. Aliniambia bila aibu yoyote, "Nilikitumia kwa sababu ni laini. Ng'ombe wanakipenda." Nusu yangu ilikuwa chini ya mto wangu Njoro nikiinusa, na nusu yake ilikuwa inakubeba kwa njia nyingine.

Hukuumwa na kitu. Yule bakteria alikaa puani mwako kwa amani, na sijui kama bado yupo. Wala sitaki kusema wewe ni bakteria, nakusikia ukisema, "Mum, usinifanye sampuli." Sampuli haichagui shule. Nakwambia tu nilichokiona, kwa sababu nilikiona mara mbili, ya kwanza nikakihamisha, ya pili nikakishangaa.

Mwezi wa kumi na mbili uliopita nilikiona mara ya tatu. Tulikuwa kwa Kogo, ukungu umeshuka mpaka kwenye paa, na mtamba wa Tuiya alikuwa anazaa vibaya. Nilisimama na ndoo. Wewe ulikuwa umeshapiga magoti, mkono ndani, uso umeelekea juu kama mtu anayekumbuka wimbo. "Mum, usivute sasa," uliniambia. "Ngoja asukume." Kisha, "Sasa." Mtoto anayejibu kesho alikuwa amejibu kabla sijauliza. Ndama alipotoka akapiga chafya, ulinigeukia ukacheka, na kwa muda mfupi sikukutambua. Ulikuwa na kasi. Ulikuwa na amri. Tulipokuwa tunanawa kwenye mtungi ulisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama unayeongea na maji, "Hapa mimi si mzito."

Nilijifanya sikusikia. Wiki iliyofuata nikaanza kukuombea nafasi ya bweni.

Nilikuwa najiambia ni kwa sababu ya maabara. Na ni kweli, Cherop, shule ile ya ng'ambo ya mto nimeingia maabara yake: kuna sinki ambalo halina bomba na kabati limefungwa, mwenye ufunguo hajulikani. Ya hapa mjini ina darubini kwa kila meza. Nimeiona mikono ya Kogo pia, ilivyopasuka, na nimefanya kazi maisha yangu yote ili yako isipasuke. Hayo yote bado ni kweli leo. Huenda utakuja kunilaumu kwa darubini hizo. Ukifika huko, nilaumu. Usininyamazie tena kama leo mchana.

Lakini chini ya hayo kuna jambo lingine, na nimelikuta sasa hivi katikati ya kuandika. Kule hunihitaji. Hapa ukiwa mzito unanihitaji: nikusukume, nikutetee, nikutafutie walimu. Kule unaniambia nishike nini na nivute lini. Nilikukosa mpaka ukafika darasa la kwanza, nikakupata, na sasa unarudi palepale nilipokukosa. Najiona kama anayetazama mtu akiingia kwenye ukungu. Najua shamba liko, najua njia iko, najua ni hatua chache tu. Bado moyo unasema ameisha.

Ninaweka kalamu chini kidogo.

Nimerudi. Nilimpigia mwalimu mkuu.

"Eh, Mama Cherop. Tumekubaliana?"

"Hapana, mwalimu. Mpe mtoto mwingine."

"Una uhakika? Hii nafasi watu wanaililia."

"Najua. Hata mimi niliililia."

"Na huyo wako ataenda wapi?"

Nikasema, "Anaenda kwao." Nilishangaa kusikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, na sikulirudisha.

Baada ya hapo nimefanya jambo moja. Nimetoa nusu yangu ya shuka chini ya mto. Ndiyo, bado ilikuwa hapo. Hukuwahi kujua kwa sababu kitanda changu nakitandika mwenyewe. Nimechukua makasi nikaikata vipande, kimoja kwa kila ng'ombe wa Kogo, nikashona alama ya uzi tofauti kwenye pembe ya kila kimoja ili visichanganyike. Kogo atasema ni mambo ya chuo. Mwambie ndiyo, ni mambo ya chuo, na umfundishe polepole kama unavyojua. Kila ng'ombe na chake, kioshwe, kianikwe juani. Ni agizo pekee nitakalokupa, na nakupa kwa sababu ndilo pekee ninalolijua vizuri kukushinda.

Nimeviweka juu ya sanduku. Sikulifungua.

Utakuta kipande kimoja kimezidi, hakina uzi wowote pembeni. Hicho usikipeleke zizini. Nimekilalia usiku mwingi, kwa hiyo sasa kina harufu yangu. Utaona harufu hiyo itakaa muda gani.

Nasikia geti. Unamuaga Mama Shiru, naye bado anaongea. Utaingia, utavua viatu, utataka kuniuliza na hutauliza. Sitakuharakisha. Nitakaa hapa mezani na chai, nikungoje mpaka uulize.

Mama yako